Taa hafifu kwenye pikipiki ya zamani: fuata umeme kabla ya kununua balbu kali

Uganda imekaa juu ya ikweta, kwa hiyo mwaka mzima giza huingia mnamo saa moja jioni. Bodaboda anayepiga kazi hadi saa nne za usiku ana saa tatu nzima za kutegemea taa, na wengi wanazitegemea kwenye pikipiki zilizokwisha zeeka: Bajaj Boxer BM100, TVS Star, Honda CG125, na huko vijijini bado zipo Yamaha DT125 na Suzuki TF125. Kuanzia Busia mpaka Arua ombi kwa fundi ni lile lile: nifungie taa kali.

Taa kali inawezekana. Lakini pikipiki nyingi zinazolalamikiwa hazina ubovu wa balbu. Umeme unatoka kwenye koili (msokoto wa waya unaozalisha umeme kwenye injini) ukiwa mzima na unafika kwenye balbu umechoka, na ukifunga balbu kubwa zaidi kwenye njia hiyo hiyo, hasara inaongezeka badala ya kupungua. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili, tunatafuta chanzo, halafu ndipo tunazungumza habari ya kununua kitu.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mita ndogo ya umeme inayopima volti za AC (umeme unaogeuka-geuka upande) na za DC (unaokwenda upande mmoja, kama wa betri), balbu ya indiketa iliyoungwa waya mbili ndefu kwa ajili ya kujaribia, msasa laini, na bisibisi. Bila mita utakuwa unapapasa tu.

Jambo la kwanza: taa yako inakula umeme wa wapi?

Fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa ya mbele. Ikiwaka, inakula kwenye betri, na umeme wake ni DC. Isipowaka mpaka upige kiki, basi inalishwa moja kwa moja na koili ya taa iliyo ndani ya magneto, ile jenereta ndogo ya injini, na umeme huo ni AC. Pikipiki nyingi ndogo za zamani ziko hivyo kwa taa ya mbele na taa ndogo ya nyuma, huku honi, indiketa na taa ya breki zikila kwenye betri. Usikisie kwa kuangalia jina lililoandikwa kwenye tangi. Pikipiki ya umri huo imepita kwa mafundi wengi, na rangi za waya haziaminiki tena. Jaribu mwenyewe.

Angalia pia kama ni ya volti 6 au 12. Betri ya maji ya volti 6 ina vifuniko vitatu vya kujazia, ya volti 12 ina sita. Balbu ya volti 12 kwenye pikipiki ya volti 6 itatoa wekundu wa kaa la moto tu, na ya LED huenda isiwake kabisa. Balbu ya volti 6 kwenye volti 12 haimalizi hata dakika.

La mwisho ni wati. Zimeandikwa kwenye kitako cha balbu: 35/35W ni za kawaida kwa pikipiki ndogo, zikimaanisha wati 35 kwa dimu (mwanga wa chini) na 35 kwa fulu (mwanga wa mbali). Magneto ya injini ndogo haitoi umeme wa kumwaga, na injini ikinguruma taratibu pale steji umeme unapungua hata kuliko hapo. Kila wati unayoongeza lazima itoke mahali.

Taa ya mbele ni hafifu, ya manjano, ingawa balbu ni mpya

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi zaidi, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi.

Mwanga wa balbu ya waya wa ndani haushuki sawasawa na volti. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Zikipungua kwa asilimia 20, zaidi ya nusu ya mwanga imekwenda, na unaobaki unageuka rangi ya chai. Kwa hiyo volti mbili zinazopotea kwenye waya si jambo dogo hata kidogo, ni nusu ya barabara usiyoiona.

Pima hivi kama taa ni ya DC. Washa injini, washa taa, na usichomoe balbu, kwa sababu waya mbovu usiobeba mzigo huonyesha volti nzuri za uongo. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa dimu nyuma ya balbu, pale soketi inapoingia. Namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani kwenda. Ikizidi 0.5, kuna ubovu. Halafu pima upande wa kurudi: ncha moja kwenye waya wa ethi (wa kurudisha umeme) wa balbu, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Hapo napo isizidi 0.5. Watu wengi hupima upande wa kwenda tu, wakati ethi ndiyo inayooza zaidi.

Kama taa ni ya AC, geuza mita iwe ya AC, pima volti pale waya unapotoka kwenye regyuleta (kifaa kinachozuia volti zisizidi), kisha pima nyuma ya balbu kwa mwendo ule ule wa injini. Mita za bei nafuu hazisomi vizuri umeme huu uliokatwakatwa, kwa hiyo usishikilie namba yenyewe. Shikilia tofauti kati ya vipimo viwili.

Ukishajua kwamba zinapotea, zitafute zinapopotelea. Sogeza ncha ya mita hatua kwa hatua kando ya njia, na pale namba inaporuka ghafla ndipo penye ugonjwa. Sehemu za kuanzia ni hizi.

Swichi ya taa kwenye usukani. Ifungue skrubu mbili za chini, itazame ndani. Kwenye pikipiki iliyokunywa mvua na vumbi jekundu la barabara zetu, vile vibati vya shaba vya kugusana huwa vimeota kijani au vimeungua vikawa vyeusi. Visugue kwa msasa laini mpaka vionekane vyekundu, futa kwa petroli kidogo kwenye kitambaa, paka vaselini nyepesi, rudisha. Kuwa mwangalifu na kijipira cha chuma chenye springi ndogo, kinaruka na kupotea mchangani.

Shingo ya usukani. Waya zinapinda hapo kila unapokata kona, kwa miaka. Ganda la nje linaweza kuwa zima huku nyuzi za ndani zimekatika na kubaki mbili tatu. Geuza usukani kushoto na kulia taa ikiwa imewaka. Ikipepesa, umepata.

Ethi. Taa nyingi hurudisha umeme kupitia bodi ya pikipiki, na bodi iliyopakwa rangi upya haipitishi umeme. Pikipiki ikishapigwa rangi mpya inapendeza, halafu taa zinafifia na hakuna anayehusisha mambo hayo mawili. Kwaruza rangi chini ya boliti ya ethi mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake. Bora zaidi ni kuvuta waya wa ethi wa peke yake kutoka kwenye taa mpaka nguzo hasi ya betri.

Soketi ya balbu yenyewe. Plastiki ikiwa imegeuka kahawia au imeyeyuka kando ya mguu mmoja, hapo ndipo joto limekaa. Usiisafishe, ibadilishe.

Sasa hesabu inayoeleza kwa nini usikimbilie balbu kubwa. Balbu ya wati 35 inavuta karibu ampea 3. Ikiwa njia yako inapoteza volti 1.5 kwa ampea 3, basi balbu ya wati 60, ambayo inavuta ampea 5, itapoteza karibu volti 2.5 kwenye njia ile ile. Na joto linalobaki ndani ya waya na swichi linapanda karibu mara tatu. Umelipa pesa, mwanga umeongezeka kidogo sana, na swichi imeanza kunuka.

Zaidi ya hayo, balbu ya H4 (aina ya kitako) ya wati 60/55 haikutengenezwa kuingia mahali pa aina ya HS1 ya 35/35. Vijino vya kitako havilingani, ndiyo maana wengine huvipiga tupa mpaka viingie. Ukifanya hivyo, joto la wati 60 linakaa ndani ya rifleta (bakuli la kuakisi mwanga) ya plastiki iliyopimiwa 35. Inajikunja, na mwanga hauendi tena ulikotakiwa.

Volti zikiwa nzuri na mwanga bado mbaya, tazama kioo na rifleta. Kioo cha plastiki kilichogeuka cha njano kinaweza kung'arishwa kwa nje kwa dawa ya meno au dawa ya kung'arishia magari. Rifleta ni habari nyingine: ile fedha ya ndani ni utando mwembamba sana, ukiifuta kwa kitambaa inatoka. Ikiwa imefifia au ina madoa ya kutu, nunua taa nzima. Kwa pesa inayotumika, hakuna mabadiliko yanayolipa kama rifleta mpya kwenye pikipiki yenye waya nzuri.

Na rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa? Inafaa kwa taa za DC peke yake. Mguu 30 unapata umeme kutoka betri kupitia fyuzi, mguu 87 unakwenda kwenye balbu, na 85 na 86 ndizo koili, mmoja ukipata umeme wa swichi ya zamani na mwingine ethi. Unahitaji rilei mbili, ya dimu na ya fulu. Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu kabisa na betri, na waya uwe wa milimita za mraba 1.5, wenye nyuzi nyingi. Waya mgumu wa nyumbani haufai. Mtikisiko wa pikipiki unaukata ndani ya ganda lake na hutaona kitu kwa nje. Ukifunga rilei hiyo ya kawaida kwenye umeme wa AC itakuwa inanguruma kama nyuki tu.

Umefunga LED, inapepesa au inawaka ukipiga resi tu

Umeme wako ni AC. LED hukubali umeme unaokwenda upande mmoja, kwa hiyo nusu ya mzunguko inazimika. Balbu ya zamani haionyeshi hilo kwa sababu waya wake hauwahi kupoa. LED inazimika papo hapo, na injini ikiwa chini jicho linaona.

Njia rahisi ni kununua LED iliyoandikwa kwamba inakubali AC na DC. Hiyo ina kigeuzi chake ndani. Itapepesa kidogo injini ikiwa chini kabisa, ukianza mwendo inatulia. Kwa mtu anayetumia pikipiki kwa kazi ya kila siku, mimi ningempa hiyo na kumwacha aende zake.

Njia ya pili ni kugeuza pikipiki yote iwe DC, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Si suala la kuhamisha waya wa taa kutoka kwenye koili na kuuchomeka betri. Kwenye mfumo wa AC, sehemu inayochaji betri ni ndogo, kwa kuwa ilipangiwa honi na indiketa. Kazi kamili inataka magneto ifunguliwe, ule mwisho wa koili uliofungwa kwenye bodi ya injini utenganishwe na kutolewa nje kwa waya wake, kisha ifungwe regyuleta inayopokea waya zote mbili na kutumia mzunguko wote. Hapo ndipo taa ihamie kwenye betri. Fundi akikuambia atakugeuzia DC bila kufungua magneto wala kubadili regyuleta, mwambie akueleze betri itachajiwa na nini.

Betri inakufa tangu uongeze taa

Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha: iliyojaa inasoma karibu 12.6, na 12.0 ni kama imekwisha. Kisha washa injini, washa taa zote, piga resi ya wastani. Mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, taa zinakula kuliko magneto inavyoleta.

Hapo dawa ni kupunguza. LED ya wati 12 iliyokaa vizuri kwenye rifleta inakutosha mjini na kwenye lami. Zile taa za pembeni zenye macho mengi zinazofungwa kwenye kinga ya mbele, mbili zikiwaka pamoja, ndizo zinazomaliza betri, na mara nyingi zimeungwa kabla ya swichi ya ufunguo, kwa hiyo zinaweza kusahauliwa zikiwaka usiku kucha. Angalia na mguu wako pia. Kukanyaga breki muda wote ukingoja abiria au ukiwa kwenye msongamano ni wati 21 zinazotoka kwenye betri huku injini ikizalisha kidogo kabisa.

Balbu zinaungua kila baada ya muda mfupi

Pima volti za betri injini ikiwa juu. Zikizidi 15, regyuleta imekufa au ethi yake imelegea. Kaza ethi kwanza, pima tena, ndipo ununue.

Volti zikiwa sawa, shuku mtikisiko: balbu inayocheza kwenye soketi, raba za kushikilia taa zilizokwisha, madigadi iliyopasuka. Na ukifunga balbu ya halojeni usiishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanakiunguza doa kioo kikipata joto.

Pikipiki za zamani sana zisizo na regyuleta ya taa zina tabia yake, na inafaa uijue kabla ya kugusa chochote. Koili ilipimiwa jumla ya wati za balbu zote, kwa hiyo balbu ndizo zinazozuia volti zisipande. Ya mbele ikiungua, umeme wote unakimbilia ya nyuma na ya kwenye spidomita, nazo zinaungua hapo hapo. Vivyo hivyo ukiweka LED ya wati 10 mbele badala ya balbu ya 35: umeondoa mzigo, volti zinapanda, na kabla hujafika mbali taa ya nyuma imekufa bila wewe kujua. Pikipiki ya namna hiyo ifungiwe regyuleta ya AC kwanza.

Taa ya nyuma: dalili ambazo mwenye pikipiki haoni

Pikipiki ikija na kazi ya mbele na ya nyuma, ianzwe ya nyuma. Taa ya mbele ikififia dereva anajua papo hapo. Ya nyuma ikifa, anayejua ni aliye nyuma yako, na kwenye barabara ya Tororo kwenda Malaba aliye nyuma yako ni lori la mizigo. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kutoka, weka mkono nyuma ya taa ukanyage breki, utazame mwanga kwenye kiganja.

Balbu ya kawaida ya nyuma ni 21/5W: uzi wa wati 5 wa kuwaka muda wote na wa wati 21 wa breki. Ina vijino viwili vya pembeni ambavyo haviko kimo kimoja, makusudi, ili iingie kwa namna moja tu.

Taa ya nyuma inang'aa mno muda wote, na ukikanyaga breki haionekani tofauti. Balbu imeingizwa kinyume baada ya kijino kupigwa tupa, au waya mbili zimebadilishana. Hii ni hatari mara mbili: aliye nyuma hajui unaposimama, na wati 21 zikiwaka usiku kucha zinayeyusha kifuniko chekundu. Badilishanisha waya, weka balbu nzima.

Taa inafifia ukikanyaga breki, au indiketa zinawaka kwa mbali ambapo hazikuitwa. Ethi ya nyuma imekufa. Umeme wa breki, ukikosa njia ya kurudi, unajipenyeza kupitia nyuzi za balbu nyingine. Jaribu hivi: chukua waya mrefu, gusisha upande mmoja nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye bati la soketi ya nyuma. Ikitengemaa, achana na mpango wa kutegemea boliti za madigadi. Vuta waya wa ethi wa kudumu.

Fungua soketi yenyewe uitazame. Ndani kuna kibati cha mviringo chenye vichwa viwili vidogo vya risasi, na nyuma yake springi. Maji yanayorushwa na tairi la nyuma yanaingia kupitia raba ya kifuniko iliyokauka, springi inashika kutu na kunywea, vichwa vinazama, na balbu inagusa ikitaka. Kwenye shimo la barabara taa inazima, kwenye shimo linalofuata inawaka. Ukiikuta hali hiyo usivute springi kwa koleo ukarudisha. Soketi mpya ni ya bei ndogo. Badilisha na raba, na uhakikishe kitundu cha chini cha kutolea maji hakijazibwa na matope.

Breki inawaka bila kukanyagwa, au haiwaki kwa mguu ila kwa mkono. Pedali ya nyuma ina swichi yake inayovutwa na springi, yenye nati ya plastiki ya kupandisha na kushusha. Kila ukikaza breki ya nyuma kwa sababu ya kuchakaa kwa viatu, pedali inabadili mahali pake na swichi inapotea. Shika swichi isizunguke, geuza nati, mpaka taa iwake pale mguu unapoanza kuhisi breki inashika. Ya mkono ni swichi ndogo chini ya kishikio, mara nyingi imejaa vumbi tu.

Umefunga LED nyuma na haikuridhishi. Rangi ndiyo kosa la kwanza. LED nyeupe nyuma ya kifuniko chekundu inapoteza mwanga mwingi na kinachotoka ni cha waridi. LED nyekundu hupita karibu yote. Lakini tazama chini ya taa: kuna kidirisha cheupe kinachomulikia namba ya pikipiki, na LED nyekundu itaimulika namba kwa wekundu. Suluhisho ni kununua taa nzima ya LED yenye macho meupe ya namba, au kubaki na balbu ya kawaida kwenye waya safi, ambayo kwa kweli inatosha kabisa. Ikiwa taa ndogo ya nyuma ni ya AC na breki ni ya DC, LED itapepesa ikiwa peke yake na kutulia ukikanyaga breki. Hamishia ile taa ndogo kwenye DC ya betri, maana LED hiyo ni wati moja au mbili tu na betri haitahisi.

Usifunge taa ya nyuma inayometameta, ya buluu au nyeupe. Dereva anayekuja kasi anasoma nyekundu kuwa ni mgongo wa chombo kinachokwenda upande wake. Nyeupe anaisoma kuwa kinamjia. Na ubandike utepe mwekundu unaoakisi mwanga kwenye madigadi na kwenye keria: hauhitaji waya, na siku balbu ikikuacha kati ya Iganga na Bugiri utaendelea kuonekana.

Indiketa zikianza kukimbia au kukwama baada ya kufungwa LED, sababu ni kwamba fleshai ya zamani (kifaa kinachozipepesa) ilipimwa kwa wati za balbu. Nunua ya elektroniki isiyojali wati.

Mwanga unakwenda mitini, na wanaokuja wanakuwashia fulu

Mwanga ukielekezwa vibaya, kila wati uliyoongeza inamwumiza mwenzako.

Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, kwenye uwanja ulio sawa, tairi zikiwa na upepo wake. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ya chaki ukutani kwa kimo hicho. Dimu ikiwashwa, mstari wa juu wa mwanga ukae kama sentimita 5 chini ya alama. Rekebisha kwa boliti za pembeni za taa au skrubu iliyo chini yake.

Lakini usipime ikiwa tupu. Mpandishe abiria, au pakia mkungu wa matoke unaoubeba kila siku. Ikiwa mgongo wa pikipiki unashuka sentimita 5 na tairi mbili zimeachana sentimita 125, pua imeinuka sentimita 4 kwa kila mita moja. Ukutani mita 5 hiyo ni sentimita 20. Barabarani mita 50 mbele ni mita 2 nzima juu ya pale ulipokusudia, yaani juu kabisa ya macho ya dereva wa gari dogo, karibu na ya dereva wa lori. Kama springi za nyuma zina pete ya kukazia, ikaze kwanza, kisha elekeza taa ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Ukienda peke yako utaona karibu kidogo zaidi, na hiyo inavumilika.

Umeelekeza na bado inawachoma watu? Tazama LED yako ndani ya rifleta. Kwenye balbu ya zamani, uzi wa dimu umewekewa kikombe kidogo cha chuma kwa chini, ili mwanga uguse nusu ya juu tu ya rifleta na kumiminwa barabarani. LED nzuri ina kikinga kama hicho, na vijicho vyake vimekaa mahali pale pale uzi ulipokuwa, vikitazama kulia na kushoto. Zile zenye vijicho pande zote, hazina dimu ya kweli, zina mwanga mdogo na mwanga mkubwa tu unaotapakaa kote. Ikiwa kitako chake kinaruhusu kuzungushwa, zungusha mpaka mstari wa ukutani uwe mkali. Usipopatikana mstari, irudishe dukani.

Na kuna hili kwa walio Bwera, Arua na Kisoro. Uganda tunaendesha kushoto, lakini Kongo, Sudan Kusini na Rwanda wanaendesha kulia. Taa zenye dimu inayopanda upande mmoja hutengenezwa kwa upande wa barabara: ya kwetu inapanda kushoto, kumulika ukingo na watembea kwa miguu. Taa iliyovuka mpaka ikiwa ya upande wa kulia itapanda kulia, kwenye uso wa anayekuja, na hakuna skrubu ya kuirekebisha. Iwashe pale pale dukani mbele ya ukuta kabla ya kulipa. Ikipanda kulia, iache. Ikiwa mstari wake ni wa usawa bila kupanda popote, kama zilivyo taa nyingi za pikipiki ndogo, inafaa pande zote mbili za mpaka.